Wakorea na mtandao: mbona darasani watulivu, kwenye maoni moto? Waliokaa kule waje hapa

#1 Mtoto wa Ujiji
Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa tatu Daejeon, Korea Kusini, nipo kwa ufadhili wa serikali yao. Kuna jambo linanisumbua na peke yangu nimeshindwa kulipatia jibu.

Maabara yetu ina watu kumi na mmoja. Aliyekutangulia kuingia, hata kwa mwaka mmoja, ni mkubwa wako. Ukimmiminia kinywaji unashika chupa kwa mikono miwili, ukinywa mbele ya profesa unageuza uso pembeni. Tangu nifike sijasikia mtu akipaza sauti. Halafu kuna programu ya simu ya wanachuo. Huingii mpaka uthibitishe kuwa ni mwanafunzi wa chuo hicho, ila ukishaingia hakuna jina, wote mnaandikwa "asiyejulikana". Muhula uliopita nilipangwa kazi ya kikundi na Wakorea wanne. Mbele yangu ilikuwa "asante", "umejitahidi sana". Usiku nikakuta mtu ameandika kwamba kikundi chake kimetwishwa mgeni asiyejua Kikorea, na chini yake maoni thelathini na kitu. Mengine sitayatafsiri hapa.

Na ni haohao ninaowaona wakijisomea mtandaoni kwa nidhamu ambayo sijaiona popote. Mtu anawasha kamera, anaielekeza kwenye daftari na mikono yake tu, anaingia chumba kimoja na watu asiowajua, wanasoma saa tano bila neno. Wenyewe wanaita "kaemseuteodi".

Mtu ni yuleyule na simu ni ileile. Kinachobadilika ni nini?

#2 Binti Makorora
Pole kaka. Naweka mkeka hapa, nasubiri waliokaa kule. Ila hiyo kazi ya kikundi mlipata alama gani?

#3 Fundi Redio
Mkuu, jibu halihitaji uzi mrefu. Mfunike mtu uso, utamjua. Wakilazimishwa kuandika kwa majina yao, matusi yanaisha kesho asubuhi.

#4 Mwalimu Mstaafu
Fundi Redio, hilo wenzetu walishalijaribu kwa sheria. Kuanzia Julai 2007 tovuti kubwa, zenye wageni zaidi ya 300,000 kwa siku, zililazimika kumhakiki mtu kwa namba yake ya uraia kabla hajaandika maoni. Mwaka 2009 kiwango kikashushwa hadi 100,000. YouTube walipotakiwa kutii, wakaona heri wazime upakiaji wa video na maoni kwa anayetumia mpangilio wa Korea. Julai 2011 wadukuzi wakaingia kwenye tovuti za Nate na Cyworld na kuchukua taarifa za watu milioni 35, katika nchi ya watu kama milioni 50. Tarehe 23 Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo, majaji wote kwa kauli moja. Mojawapo ya hoja zao ni kwamba hakukuwa na ushahidi kuwa matusi yamepungua kwa kiasi cha maana.

#5 Fundi Redio
Mwalimu shikamoo, nakubali kwamba tarehe unazo. Lakini umejijibu mwenyewe: walihakikiwa, hawakuonyeshwa. Tovuti ilikujua, msomaji aliona jina la kubuni tu. Huko si kumvua mtu kitambaa, ni kuandika jina lake kwenye daftari la mlinzi getini. Kwa hiyo dawa yangu bado haijajaribiwa.

#6 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Hapo umenibana vizuri. Ila sikiliza makundi ya wanafunzi ya KakaoTalk, programu yao ya kutumiana ujumbe, ambako kila mtu anaonekana kwa jina na picha, halafu urudi uniambie.

#7 Mama Incheon
Hamjambo. Mimi ni Mkenya, mwenyeji wa Malindi, nimeolewa Incheon, nina watoto wawili huku. Mtoto wa Ujiji, pole sana. Usimhesabu kila Mkorea humo.

Mwalimu ametaja KakaoTalk. Watoto wana neno lao, "katok gamok", yaani "jela ya KakaoTalk". Wanamwingiza mtoto kwenye kundi, wanamtukana, akitoka wanamrudisha, akitoka wanamrudisha. Na kuna kinyume chake: wote wanatoka kwa pamoja wanamwacha peke yake kwenye kundi tupu. Hakuna tusi hata moja, na mtoto analia kuliko aliyetukanwa. Binti wa jirani yangu alifanyiwa hilo la pili akiwa darasa la sita. Wote walikuwa kwa majina yao, na mama zao tunajuana. Sasa uso uliofunikwa uko wapi hapo?

#8 Nahodha wa Kilwa
Mimi nadhani mnatafuta kwenye simu kitu kilichoko kwenye mtihani. Nilisoma Seoul, nikafundisha Kiingereza jioni kwenye hagwon, yaani kituo cha masomo ya ziada, mtaa wa Daechi-dong, ambao umejaa vituo hivyo kuliko mahali popote nchini. Kisheria Seoul vinafungwa saa 4 usiku. Basi saa 4 na nusu mtoto yuko nyumbani anafungua "ingang", somo la video la mwalimu maarufu, analikimbiza kwa kasi mara moja na nusu ili amalize mawili. Walimu wanaoongoza kwa wanafunzi kila somo wanaitwa "ilta", wengine wanajulikana kama wanamuziki.

Yote ni kwa ajili ya Suneung, mtihani wa kuingia chuo kikuu, wa kila Novemba. Siku hiyo, wakati wa kusikiliza Kiingereza, ndege haziruki wala kutua kwa dakika 35.

Kiini ni hiki. Alama za shule za sekondari ya juu zimekuwa za kupangana. Kwa miaka mingi daraja la kwanza lilikuwa la asilimia 4 ya juu tu. Ukimwazima mwenzako daftari, unamwazima na nafasi yako. Wa kukushusha ndiye aliyekaa ubavuni mwako. Lakini yule wa kwenye kamera, aliyeko Busan na humjui, hakupunguzii kitu, ndiyo maana mnaweza kukaa naye kwa amani saa tano. Mtoto wa Ujiji, wale wanne walikuwa wanapigania idadi maalumu ya alama A. Hasira yao ilikuwa ya hesabu.

#9 Mtoto wa Ujiji
Nahodha, hilo la mgeni kutokuwa mpinzani sikuwahi kulifikiria. Nimelisoma mara tatu.

Binti Makorora, tulipata B+.

#10 Binti Makorora
B+ na maneno yote yale! Mimi ningewaachia kazi yao.
Nahodha, hizo video za walimu maarufu mtoto wa maskini anazipataje?

#11 Nahodha wa Kilwa
Hazipati. Anayelipa ndiye anayesoma. Familia za Korea zilitumia won trilioni 29.2 kwa masomo ya ziada mwaka 2024, na wanafunzi wanane kati ya kumi walikuwamo.

#12 Mwalimu Mstaafu
Nahodha, "hazipati" si kweli. Kuna EBS, shirika la umma la utangazaji wa elimu. Tangu Aprili 2004 wanaweka masomo ya Suneung kwenye intaneti bure, makusudi kabisa ili mtoto wa kijijini Jeolla apate anachopata wa Gangnam, upande wa matajiri wa Seoul. Serikali ikaenda mbali zaidi: kwa miaka kadhaa maswali ya Suneung yalifungamanishwa na vitabu vya EBS kwa asilimia 70, baadaye ikashushwa kuwa 50. Na kabla ya intaneti walikuwa na Chuo Kikuu Huria tangu 1972, watu wanasomea redioni. Vyuo vya mtandaoni vyenye kutoa shahada vilianza 2001. Hawa hawakuanza kusoma kwa mbali wakati wa korona.

#13 Nahodha wa Kilwa
Kweli Mwalimu, EBS niliisahau, nasahihisha. Nilichotaka kusema ni kwamba mzazi wa Daechi-dong anaichukua EBS halafu ananunua na nyingine juu yake.

#14 Mama Incheon
Tukifika korona niachieni mimi. Shule zilikuwa zifunguliwe Machi 2, 2020, zikaahirishwa na kuahirishwa, zikafunguliwa mtandaoni Aprili 9 kwa madarasa ya mwisho ya sekondari ya chini na ya juu, wadogo wa la kwanza mpaka la tatu wakaanza Aprili 20. Siku za mwanzo mtambo ulikuwa unakwama, watoto hawaingii. Kampuni za simu zilifanya jambo moja jema: ukiingia kwenye tovuti za masomo, bando halikatwi.

Mwanangu wa kwanza alikuwa darasa la pili. Mwalimu anatuma video, mtoto anaangalia, mimi ndiye nambonyezea "nimemaliza". Kikorea changu wakati huo kilikuwa cha sokoni tu, na sasa natakiwa kumweleza mtoto hisabati kwa Kikorea. Akina mama tuliita "eomma gaehak", yaani shule imemfungulia mama. Nililia jikoni siku mbili. Aliyenisaidia ni mama mmoja wa kundi la wazazi, sijawahi kumwona mpaka leo, alikuwa ananitumia maelezo kila asubuhi kwa maneno mepesi. Kwa hiyo mkisema mtandao wa Wakorea ni wa matusi, mimi nina deni huko.

#15 Mgosi wa Lushoto
Mimi nilijua Wakorea ni wa tamthilia tu, leo naona mpaka hisabati. Nidhamu mnayoisifia ipunguzeni lakini. Mwaka huohuo wa 2020, huko huko Incheon kwa Mama, wanafunzi 91 wa udaktari walibainika kudanganya kwenye mitihani ya mtandaoni, wakapewa sifuri. Walikaa pamoja wanajibu kwa makundi.

#16 Mama Incheon
Mgosi, Incheon ina watu milioni tatu, usinibebeshe wote! Lakini ni kweli, iliuma sana watu huku, maana ni madaktari wa kesho.

#17 Kijana wa Lugha
Samahani nachelewa. Mimi nimesoma Kikorea miaka minne na naona hamjagusa lugha yenyewe.

Kikorea hukifungui mdomo mpaka ujue uliyenaye ni mkubwa au mdogo, kwa sababu kitenzi chenyewe kinabadilika mwishoni. Kuna kauli ya heshima, jondaetmal, na kauli ya chini, banmal. Sisi shikamoo ukishaitoa umemaliza, unaendelea na mazungumzo. Wao wanaitoa kila sentensi. Ndiyo maana wanakuuliza umri dakika ya kwanza. Na "wewe" ya kumwambia mtu usiyemjua ni kama haipo.

Mtandaoni umri hauonekani. Wakapata njia mbili. Ya kwanza, kumpandisha kila mtu: wanachukua "nim", kiambishi cha heshima kama kwenye seonsaengnim, mwalimu, na kukitumia peke yake kama kiwakilishi. Mtoto wa miaka 12 ni "nim" na mzee wa 60 ni "nim". Ya pili, kumshusha kila mtu: DC Inside, iliyoanza 1999 kama tovuti ya kamera za dijitali, ina kumbi ambamo banmal ndiyo desturi, ukileta heshima unaonekana mgeni. Mtu aliyebeba ngazi za heshima kutwa nzima, akiingia pale anatua mzigo. Mzigo ukitua, na mengine yanatua nao.

#18 Mama Incheon
Kijana, umeeleza vizuri mno, ila hapo mwisho nakupinga. Mume wangu na rafiki zake wa jeshini wanaongea banmal miaka ishirini sasa na hawatukanani. Banmal ni lugha ya mapenzi pia. Na tusi baya kuliko yote nililowahi kusoma liliandikwa kwa heshima zote, kila kitenzi na adabu yake.

#19 Kijana wa Lugha
Mama, hilo la mwisho sina jibu lake.

#20 Wakili wa Ilala
Habari wadau. Upande wa sheria. Mtaani mnasema "kule hakuna adhabu", si kweli. Sheria yao ya mitandao ya habari inasema ukimchafua mtu kwa uongo, ni kifungo hadi miaka 7 au faini hadi won milioni 50. Na hata ukisema KWELI kwa nia ya kumchafua, ni hadi miaka 3 au won milioni 30.

#21 Fundi Redio
Kweli nayo inakufunga? Wakili, hakikisha.

#22 Wakili wa Ilala
Nimehakikisha. Kosa la namna hiyo liko pia kwenye sheria yao ya jumla ya jinai, na Mahakama ya Katiba ililiacha lisimame Februari 2021. Sasa ona matokeo yake kwenye uandishi: watu wanaandika konsonanti za mwanzo tu za jina la mtu, msomaji anajaza mwenyewe. Anayetukana amejifunza kuchonga tusi lisiloshitakika, na aliyedhulumiwa kweli, tuseme na bosi wake, anaogopa kusema. Mimi naamini ukali wenyewe umelelewa na sheria hii. Pasipo njia ya kusema wazi, watu wanasema kwa kujificha.

#23 Mgosi wa Lushoto
Mbona maoni mengine wala si hasira, ni kazi ya kulipwa. Kwenye kesi ya "Druking", jina la mtandaoni la mwanablogu mmoja, iliyolipuka 2018, yeye na wenzake walitumia programu ya kompyuta kubonyeza "nimependa" kwenye maoni ya habari za Naver, tovuti kubwa ya Korea, ili yapande juu. Aliyekuwa gavana wa mkoa wa Gyeongsang Kusini, Kim Kyoung-soo, alihukumiwa miaka miwili kwa kuhusika, hukumu ikawa ya mwisho Julai 2021.

#24 Nahodha wa Kilwa
Mgosi leo umeamka vizuri. Na hapo ndipo masomo na matusi yanapokutana. Hata biashara ya ingang ilifikishana mahakamani kwa jambo hilohilo: watu waliolipwa waingie kwenye majukwaa ya wanafunzi, wajifanye wanafunzi, wamsifie mwalimu wa kampuni moja na kumponda wa kampuni nyingine. Mtoto wa miaka 17 anaomba ushauri achukue mwalimu gani wa hisabati, anajibiwa na mtu wa mshahara. Hilo linaniudhi kuliko yote tuliyotaja hapa.

#25 Binti Makorora
Nami naomba niseme la moyoni. Nilimpenda sana Sulli, mwimbaji na mwigizaji wa Kikorea. Alifariki Oktoba 14, 2019, ana miaka 25. Mwaka huohuo alikuwa mmoja wa waongozaji wa kipindi cha televisheni ambamo wasanii wanajisomea wenyewe maoni mabaya waliyoandikiwa. Alikuwa anacheka. Baada yake Daum, tovuti nyingine kubwa kama Naver, wakafunga sehemu ya maoni kwenye habari za burudani, Naver wakafuata Machi 2020, na Agosti 2020 zikafungwa za michezo, baada ya kifo cha mchezaji wa voliboli. Mimi sijui kama ni lugha au ni mtihani. Ninachojua ni kwamba mlango ulifungwa watu wakiwa wameshakwenda.

#26 Mwalimu Mstaafu
Umenena, mwanangu. Niongeze kwamba wapo waliohangaika mapema. Mwaka 2007 Profesa Min Byoung-chul, mwalimu wa Kiingereza, aliwapa wanafunzi wake kazi ya kwenda kuandika maneno ya kutia moyo chini ya habari za wasanii wanaotukanwa. Ikawa harakati ya kitaifa, Sunfull, kinyume cha "akpeul", maoni mabaya. Sifa yake ni kwamba aliifanya adabu ya mtandaoni iwe kitu cha kufanyiwa mazoezi, kama kuandika insha.

#27 Mama Incheon
Mwalimu, mwanangu naye alifanya kazi hiyo ya Sunfull kwenye shule yake ya kwanza. Kwa wengine inahesabiwa saa za kujitolea. Wapo wanaoandika kwa moyo na wapo wanaonakili "kaza buti" mara ishirini ili saa zitimie. Lakini wangu aliandika moja kwa mwimbaji fulani, akanisomea kabla hajatuma, akaniuliza kama atalisoma kweli. Kwa hilo moja nawashukuru.

#28 Fundi Redio
Mama, na ile sheria ya kuzima michezo ya kompyuta usiku? Mdogo wangu anasema alikuta watoto wanacheza mpaka alfajiri kwenye "PC bang", vile vibanda vya kulipia kompyuta.

#29 Mwalimu Mstaafu
Mdogo wako alikuwa na watu wazima, Fundi, labda sura za Kikorea zilimchanganya. Sheria ilianza Novemba 2011, walio chini ya miaka 16 kutocheza mtandaoni saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Ilifutwa Januari 2022, kwa kuwa watoto walikuwa wameshahamia kwenye simu ambazo haikuzigusa. Na PC bang huwafungia walio chini ya miaka 18 mlango saa 4 usiku.

#30 Nahodha wa Kilwa
Wanaendesha gia mbele na nyuma. Machi 2025 walileta vitabu vya kiada vya dijitali vyenye akili bandia, Agosti mwaka huohuo Bunge likavishusha kuwa nyenzo za ziada tu, wazazi na walimu walipinga sana. Mwezi huohuo wakapitisha sheria ya kupiga marufuku simu darasani nchi nzima kuanzia Machi 2026.

#31 Kijana wa Lugha
Mleta uzi katulia kimya. Tunamjengea nadharia sita hapa, yeye anachagua ipi?

#32 Mtoto wa Ujiji
Nipo ndugu zangu, nasoma kila kitu. Sijachagua, maana kuna jambo sikulisema mwanzo, na linaharibu kila nadharia niliyokuwa nayo.

Wiki mbili baada ya lile andiko, kwenye programu ileile, mtu mwingine asiyejulikana aliweka mada: "Kwa mwanafunzi wa kigeni wa somo fulani." Aliambatanisha maelezo yake ya muhula mzima, kurasa 64 za mkono, ameandika matamshi juu ya maneno magumu, na pembeni Kiingereza kwa penseli. Aliniita "nim". Darasa lile lile, Nahodha, la alama A za kupigania. Nilimjibu nikamwomba jina angalau nimnunulie kahawa. Akafuta akaunti yake pale, mada ikabaki.

Maelezo yale ndiyo yaliyonivusha mtihani wa mwisho.

#33 Fundi Redio
Mtu amefunika uso ili atoe msaada. Sawa, mimi nyumbani kwangu leo silali.

#34 Binti Makorora
Kaka, huo mwandiko hujaufananisha na wa mtu yeyote maabara?

#35 Mtoto wa Ujiji
Nimeufananisha na wote kumi. Wapo wawili wanaofanana nao. Mmoja ni yule ninayemshuku kwa andiko la kwanza.